Chupa Iliyolala Chini ya Sato

Nimesharudi, ndiyo maana naandika. Kama wewe juzi umeambiwa una sukari, ukapewa chupa ndogo na sindano, ukatoka kwenye dirisha la dawa kichwa kinavuma kama mzinga wa nyuki, basi kaa chini usome. Mambo ya kitaalamu siyajui na sitajifanya nayajua. Nitakueleza yaliyonipata mimi, na kosa ambalo mtu mwenye akili zangu hakutakiwa kulifanya.

Naitwa Marwa, mtu wa Nyarero, huku Tarime. Shule niliishia darasa la nne na sioni aibu kusema. Waliomaliza vyuo wanakuja kwangu kuomba kazi. Nilianza kwa kubeba vitunguu begani mpaka Sirari. Leo nina mashine mbili za kusaga, nyumba ya bati la bluu inayoonekana ukiwa bado mlimani, na ng'ombe ambao hapa hawaenei, wengine wanachungwa kwa dada yangu Morotonga, kule Serengeti. Duka langu la soda na samaki lina friza ambayo hutaona mfano wake mpaka ufike mjini. Watu wanaleta wageni wao kuiangalia.

Na lile duka la dawa pale senta, lenye mlango wa kioo, nimelijenga mimi. Kabla yake, mtoto akishikwa na homa mama alimfunga mgongoni akasimama barabarani kusubiri pikipiki ya kwenda mjini, na wengine hawakufika. Mke wa mwanangu Chacha, anaitwa Robi, alikuwa amesomea kazi ya kutoa dawa. Chacha ni dereva wa malori, hakai nyumbani. Basi nikamjengea Robi duka, nikamkabidhi funguo mbele ya watu, nikapigiwa makofi. Tangu siku hiyo sijakanyaga mle ndani.

Usishangae. Kwetu Wakurya baba mkwe na mke wa mwanawe wanaogopana. Salamu ni ya mbali. Hawapeani mkono. Yeye hatamki jina langu. Habari za mwili hazipiti kati yetu hata kwa kufumba, yaani siwezi kumwambia kichwa kinaniuma, sembuse mambo ya mkojo. Sasa niambie, duka la dawa lina habari gani nyingine? Watu waliniuliza, nikawajibu kwa majivuno kwamba sina haja nalo, mimi siugui.

Ilianza masika. Kiu. Si kiu ya jua, hii ilikuwa kiu ya kukaa ndani ya mifupa. Nilikunywa jagi la maji, nikanywa la pili, nikajikuta naangalia maji ya ng'ombe kwa tamaa. Nilikwenda haja ndogo nyuma ya zizi mara nisizoweza kuhesabu. Siku ya tatu nikaona mstari mweusi umetoka kwenye ufa wa ukuta, umepita majani, umefika pale pale nilipokojoa. Sisimizi. Walikuwa wanakunywa.

Nikahama. Nikaenda kwenye mkonge, upande wa chini. Kesho yake asubuhi wako pale. Nikahama tena, nikaenda mbali, karibu na mpaka wa shamba, mahali ambapo sijawahi kusimama maishani. Mchana nikarudi kuangalia. Mstari umefika, na ulikuwa unatoka upande wa nyumbani kwangu. Nikaanza kuwakanyaga kwa viatu vyote viwili.

Kaka yangu Mwita akanikuta, akaniita kama tunavyoitana wanaume wa kwetu. "Mura, unapigana na nani huko?"

"Na hawa wadudu."

Akainama akawaangalia kwa muda mrefu. "Hawa hawakufuata shamba," akasema. "Wamekufuata wewe." Akaondoka bila kuaga.

Mwili ukaanza kuniacha. Mkanda niliutoboa tundu jipya kwa msumari, wiki iliyofuata nikatoboa lingine. Mashati yangu, na mimi huvaa mashati ya maana, yakawa yananing'inia kama yamevaliwa na msumari ukutani. Macho nayo. Milima ya kwetu naijua kila kona, lakini ilianza kulegea pembeni kama sabuni iliyoachwa kwenye maji. Mtu akija kwa mbali namwona hana uso, mpaka afike hatua tano ndipo uso unamjia.

Mke wangu Bhoke akanilazimisha kwenda hospitali mjini. Kwenye benchi la kliniki nilikaa karibu na mzee mwenye mguu mmoja. Kiatu cha mguu wa pili alikuwa amekivaa mkononi, amefunga na kamba zake vizuri.

"Shikamoo mzee. Mbona umekivaa hapo?"

"Marahaba. Ule mguu unawasha," akasema.

"Upi?"

"Ule waliokata. Nikikivaa hiki mkononi, unatulia." Kisha akanitazama miguu yangu yote miwili, taratibu, kama mtu anayechagua viazi sokoni. "Wewe yako bado inakaa nyumbani," akasema.

Waliniita, wakapima, wakaniambia ni sukari, tena ya kupanda sana. Wakanilaza siku chache wakawa wananichoma insulini, na nikwambie kweli, nilifufuka. Milima ikarudi mahali pake. Siku ya kuruhusiwa nesi wa dirishani akanipa chupa zangu na sindano, akanifundisha kujichoma tumboni. Akasema, "Mzee, hii inataka baridi. Una friji?"

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nikapaza sauti wasikie wote. "Friji? Mama, mimi nina friza!"

Watu wakacheka. Nesi akasema, "Sasa friza, mzee, usije uka..." lakini mimi nilishageuka nawapungia watu mkono. Akaita kwa nyuma, "Kama kuna duka la dawa karibu na kwenu, mwonyeshe mtoa dawa chupa, atakuelekeza!" Hapo nilijifanya sijasikia. Nilimwambia Bhoke kabla hatujafika hata Nkende, gari bado halijatoka mjini: "Robi asijue. Mke wa mtoto hawezi kujua mkojo wangu una utamu."

Basi nikaziweka chupa kwenye friza. Si juu. Mimi kitu cha thamani sikiweki juu. Nilihamisha samaki, nikazilaza chini kabisa chini ya sato, pale ambapo barafu haijayeyuka tangu niinunue. Kila asubuhi naitoa chupa imekuwa jiwe, naishika kwapani mpaka ilainike, navuta, najichoma, naenda kusimamia mashine. Nilijiona fundi.

Chupa ya kwanza haijafika nusu, kiu ikarudi. Nikasema labda mwili umezoea, nikaongeza kipimo. Chupa ya pili niliianza watu wanavuna mahindi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwanza harufu. Bhoke aliingia chumbani asubuhi akasimama mlangoni. "Baba Chacha, nani kaleta ndizi mbivu humu?"

"Hakuna ndizi."

Akanusa kabatini, akanusa chini ya kitanda, akaja mpaka kwangu. Nilipofungua mdomo kumwuliza anatafuta nini, akarudi nyuma hatua moja. Harufu ilikuwa inatoka kwenye pumzi yangu. Tamu, kama kitu kilichoiva kikapitiliza. Mbwa wangu, ambaye nimemlea tangu hajafungua macho, akaacha kunisogelea. Nikimwita anatikisa mkia, anakuja mpaka umbali fulani, halafu anasimama na kulia kwa sauti ndogo, haangalii mimi, anaangalia pembeni yangu.

Mashine nayo. Mchana mmoja umeme ulikatika, vijana wamekwenda kula, mimi nimekaa peke yangu kwenye gunia. Nikasikia mashine inasaga. Nikaweka mkono juu yake, imepoa, imetulia. Lakini masikioni inasaga. Nilipotoka nje niliwaona watu wanapita barabarani, midomo inacheza, sauti hakuna. Nilikuwa nimebaki na sauti moja tu duniani, na haikuwepo.

Halafu baba. Baba yangu alifariki zamani, nikiwa kijana. Nilimwona saa sita kamili, jua liko utosini, amesimama kwenye lango la zizi, karibu na tulipomzika, na lile koti lake la kijeshi alilonunua mtumba. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia ardhi, anatembea kidogo, anasimama, anaangalia tena, kama mtu anayepima kiwanja. Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha leo nikikumbuka. Nilichotaka ni kumwomba maji.

Nyumbani palikuwa pamepoa. Bhoke alilia jikoni akafikiri moshi unamficha. Chacha alipiga simu kutoka safarini, nikamwambia niko imara, akasema, "Baba, mbona unahema hivyo?" Nikakata. Wateja dukani walianza kuniongelesha kwa upole, na mimi si mtu wa kuongeleshwa kwa upole. Mwita alikuja siku moja, akakaa, akanywa soda yangu, akauliza kama anauliza bei ya mbolea: "Marwa, wewe ungependa upande wa juu wa zizi au wa chini?"

"Kwa ajili ya nini?"

"Nauliza tu, mura."

Sasa fikiria. Hatua mia mbili kutoka kwenye kiti changu kulikuwa na mtu anayejua chupa zile kuliko mimi. Kila siku aliwaelekeza watu wa vijiji vitatu. Alikuwa anapita kwenye njia yangu asubuhi na jioni, kichwa ameinamisha, "Shikamoo baba," nami "Marahaba," kila mtu anaangalia kwake. Alikuwa anaona ninavyokwisha. Lakini angeanzia wapi? Na mimi ningeanzia wapi?

Siku ile ilikuwa ya jua kali. Nilikaa kwenye kiti barazani nikashindwa kuinuka. Nilikuwa nahema kama mtu anayepanda mlima, ndani, haraka, na mlima haupo. Bhoke alinitazama, akaingia dukani, nikasikia mfuniko wa friza. Akatoka na chupa ndani ya kanga, akakimbia. Nilitaka kumkataza, ulimi ulikuwa umenata.

Walirudi wawili. Robi hakufika mbele yangu. Alisimama nyuma ya kona ya ukuta, namwona bega tu. Akasema, na mimi nasikia kila neno:

"Mama, mwulize baba dawa aliiweka wapi."

"Mwambie kwenye friza," nikasema.

"Mama, mwulize, juu au chini?"

"Mwambie chini kabisa. Chini ya sato. Hapo barafu haijawahi kuyeyuka." Unaona? Nakufa, bado najisifu.

Kisha kutoka kwenye ile kona ukatokea mkono peke yake, umeshika chupa kwenye jua. "Mama, mwambie baba aangalie kwenye kioo."

Nikaangalia. Ndani kulikuwa na vipande vyeupe, vimeganda kwenye ukuta wa chupa, vingine vinaelea. Mimi ni mfugaji. Najua maziwa yaliyokatika yanavyokaa kwenye kibuyu. Maziwa ya namna hiyo nisingempa mbwa, na hayo ndiyo niliyokuwa najichoma.

"Mama, mwambie baba dawa hii imekufa."

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwambie tangu siku ya kwanza ilipoganda."

Msimu mzima nilikuwa najidunga maiti kila asubuhi.

Bhoke alilia, "Si umpe nyingine ya dukani!" Robi akajibu kwamba duka kama lake lina dawa za homa na minyoo na vidonda, insulini inatoka mjini, na hata angekuwa nayo, mtu anayehema hivi hatakiwi kuwa dukani. "Atafutwe gari. Sasa hivi."

Gari la jirani likaja. Nikainuka, nikaona ardhi inakuja usoni. Bhoke akanishika, akashindwa. Ndipo nikasikia mkono wa pili kwapani, mkono usiokuwa wa mke wangu.

Mwita alikuwa amefika. Akapiga kelele: "Robi! Huyo ni baba mkwe wako!"

"Najua, baba mkubwa. Wewe shika miguu."

Na Mwita, mtu mzima mwenye wajukuu, akashika miguu.

Waliniegemeza kiti cha nyuma, Bhoke upande huu, Robi upande ule. Haya nitakayosema sasa nimewaambia watu wachache. Njia ya kwenda mjini naijua, nimeipita kwa miguu nikiwa na vitunguu. Siku hiyo pande zote mbili za barabara walisimama watu. Wamejipanga, wengi, mpaka mwisho wa macho. Hawasemi. Wamevaa makoti ya zamani kwenye jua lile. Nyuso hazikuwajia hata gari lilipowafikia karibu. Na gari lilikuwa linapunguza mwendo, nilijua linataka kusimama, na mimi ndiye nitashuka, na nikaona sawa tu. Walionekana wana maji.

"Baba!" Robi akaita. "Baba, nijibu!"

Wale wote wa barabarani wakageuka. Kila mmoja aliitika kwa kichwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa baba wa mtu. Sikuona sababu ya kuitika mimi.

"Baba! Baba!"

Wakasogea karibu na dirisha.

Ndipo akaita, "Marwa! Marwa! Marwa!"

Mke wa mwanangu. Hakuna mke wa mtoto kwetu anayefanya hivyo. Wale wa barabarani wakatazamana, hakuna aliyekuwa na jina hilo. Nikageuza shingo. Nikasema, "Unaniitaje wewe?" kwa hasira. Bhoke anasema nilisema kwa sauti kubwa mpaka dereva akayumba. Nilipoangalia nje tena ni migomba tu, na mama mmoja anauza nyanya.

Hospitali nililala siku nyingi na maji ya mshipani. Nakumbuka vitu vidogo. Bhoke akinilowesha midomo kwa pamba. Nesi mmoja aliyekuwa anaimba akibadilisha mashuka. Uji wa kwanza, nusu kikombe. Chacha aliacha lori njiani akaja, akakaa kitandani akashika kidole changu cha mguu kupitia shuka. Wakanipa chupa nyingine, na safari hii nilisikiliza mpaka nesi akachoka yeye.

Nikarudi nyumbani mvua za vuli zimeanza. Robi alimwelekeza mama mkwe wake, mama mkwe akanielekeza mimi: mtungi wa udongo, mchanga uliolowa, uwekwe kivulini, chupa ikae ndani ya kopo juu ya mchanga. Nilidhani ni dharau. Nikampigia dada yangu Morotonga, akacheka. "Jirani yangu hapa anatumia mtungi mwaka wa sita," akasema. "Anafuata dawa Mugumu kwa baiskeli na hana hata taa ya umeme. Yuko shambani sasa hivi. Wewe na friza yako uko wapi?" Nikaenda kutafuta mtungi.

Wewe unayesoma, shika hili: baridi ya kivulini inatosha. Ikiganda imekufa, na ikiyeyuka haifufuki. Angalia kwenye mwanga kabla ya kuvuta. Na kama kuna mtu jirani anayejua, mwendee, hata kama kuna sababu ya kutomwendea. Mimi sababu zangu zilikuwa nzuri sana.

Wazee walikuja, watatu, Mwita akiwaongoza. Walikaa kwenye viti vya plastiki, nikawapa soda.

"Marwa," mmoja akasema, "mke wa mtoto alikushika mwili. Na alikuita jina. Dereva amesikia."

"Nani alishikwa?" nikauliza.

"Wewe."

"Mimi nilikuwa nimekufa, mzee. Robi alishika maiti. Haya ya mkwe ni ya watu walio hai, na aliyeitwa jina aliitwa akiwa upande wa pili. Kama mnamdai Robi, dai liko kule. Nendeni mkawaulize. Wako wengi, wamejipanga barabarani."

Nilitegemea watacheka, mimi huwa nawachekesha. Hawakucheka. Mzee yule aliyekuwa ananyoosha mkono kuchukua chupa ya soda akaurudisha mapajani. Mbuzi wa kutakasa nilimtoa, mila ni mila, lakini jina la Robi halikutajwa tena. Waliondoka chupa zimejaa nusu, na mpaka leo mmoja wao akikutana nami njiani ananiangalia kwanza miguuni ndipo anisalimie.

Duka la dawa bado siingii, na Robi haingii chumbani kwangu. Tumepata njia nyingine. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajafungua duka, anasimama nje ya dirisha langu na kile kimashine cha kupimia. Nafungua kidogo, natoa kidole kwenye nondo, anachoma, anasoma namba. Hanioni, simwoni. Mwanzoni namba alimpa Bhoke aniletee.

Jumatatu iliyopita ukungu ulishuka, ule wa kwetu unaokula mpaka zizi. Bhoke alikuwa amekwenda kisimani. Dirishani palikuwa peupe kabisa, na kwenye ule weupe nikaona mkono umesimama, umefunguka, unasubiri. Mkono tu. Nikarudisha kidole changu.

"Nani?" nikauliza.

Nasikia mtu anahema.

"Nimesema nani hapo?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Baba, toa kidole, nina wateja."

Nikakitoa. Ule mkono ulinishika, ulikuwa wa moto, na una harufu ya sabuni ya dukani. Ukachoma.

"Saba nukta nne," akasema, mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. "Kanywe uji."